Talaka imetoka, nyumba je? Mwongozo wa kugawana mali na kudai matunzo kwa mkazi wa Tanga

Karatasi ya talaka haigawi nyumba. Nalisema mapema kwa sababu hapo ndipo watu wengi wa kwetu wanapopotelea. Ndoa imefungwa na shekhe pale Ngamiani, miaka imepita, watoto wamekua, halafu mume anaandika talaka, mashahidi wanatia saini, mke anafunga mizigo anarudi kwao Muheza au Pangani kukaa eda. Eda inakwisha. Nyumba imebaki, chombo cha kuvulia kimebaki, shamba la machungwa limebaki, na jamaa wa pande zote mbili wanaamini mambo yamekwisha. Hayajaisha. Ikiwa wenyewe hamkupatana, mwenye mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa ni mahakama, na mlango wa kuiomba uko wazi kwa mke na kwa mume sawasawa.

Sheria inayotumika Tanzania Bara ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Inawahusu waliofunga ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya bomani. Kifungu cha 114 ndicho kinachozungumzia mgawanyo wa mali, na vifungu vya 115 na 116 vinahusu matunzo ya mwenza. Zanzibar ina utaratibu wake na Mahakama zake za Kadhi, kwa hiyo ukisikia habari za jamaa yako wa Unguja usizichukue kuwa ndiyo sheria ya hapa.

Jambo moja zaidi kabla ya hatua. Hakuna mahali sheria inaposema nusu kwa nusu. Kuna wanaokwenda mahakamani wakijua nusu yao ipo tu inawasubiri, na kuna wasiokwenda kabisa kwa sababu wameambiwa "hati ina jina la mwanamume, huna chako". Wote wamepotoshwa. Mahakama inatazama nani alichangia nini, na mchango unathibitishwa kwa ushahidi. Karibu kila kitu utakachosoma hapa chini kinarudi kwenye hilo.

Hatua ya kwanza: kusanya karatasi ukiwa bado ndani ya nyumba

Ukiona ndoa inaelekea kuvunjika, anza na makaratasi. Ukishatoka, kuingia tena na kufungua kabati la mwenzako ni vigumu, na pengine ni hatari.

Tafuta cheti cha ndoa. Kama kilipotea, nakala inaweza kuombwa RITA, wakala wa serikali unaosajili ndoa na talaka, au kwa msajili aliyefungisha ndoa. Piga picha kwa simu hati ya kiwanja, ofa, leseni ya makazi au ile karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Viwanja vingi vya Mwanzange, Mikanjuni na Pongwe vilinunuliwa kwa karatasi za namna hii, na mahakama inazipokea kama ushahidi. Piga picha pia kadi ya pikipiki au gari, leseni ya biashara, leseni ya chombo cha uvuvi, daftari la kikoba, taarifa za benki na za SACCOS. Miamala ya simu usiifute. Fedha uliyomtumia fundi au mwenye duka la vifaa vya ujenzi inaweza kuwa ndiyo ushahidi wako mzito kuliko wote.

Kisha kaa chini uandike orodha. Kila mali iandikie mwaka ilipopatikana, iliko, jina lililo kwenye karatasi, fedha ilitoka wapi, na wewe ulifanya nini hasa. Andika na madeni. Mkopo wa kikoba uliokwenda kwenye mabati ya nyumba ni deni la familia, na hakimu anatakiwa kuliangalia. Mkopo ambao mmoja wenu aliuchukua kwa mambo yake binafsi ni habari nyingine.

Picha hizo mtumie mtu unayemwamini, dada au mjomba, zisikae kwenye simu yako peke yake.

Hatua ya pili: zuia nyumba isiuzwe

Mtu akijua mwenzake anakwenda mahakamani, hushawishika kuuza haraka au kuhamishia mali kwa kaka yake. Sheria imeliona hilo. Nyumba mnayoishi kama mke na mume haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja tu. Benki nayo inatakiwa kupata ridhaa hiyo kabla ya kuikubali nyumba ya ndoa kuwa dhamana ya mkopo.

Kama nyumba ina hati iliyosajiliwa, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa hapa Tanga mjini uombe kuweka zuio kwenye daftari la ardhi. Kama haina hati, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwamkie, kaa, umweleze kwa utulivu: "Mzee, mimi na mwenzangu tuna shauri la ndoa, naomba usigonge muhuri mauziano ya nyumba yetu mpaka shauri liishe." Mpe na barua yenye maneno hayo hayo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wenyeviti wengi wanasikia, maana nao hawapendi kuitwa mahakamani kueleza kwa nini walisaini.

Shauri likishafunguliwa, unaweza kuomba amri ya mahakama ya kuzuia mali isiguswe mpaka hukumu. Mahakama ina uwezo pia wa kutengua uhamisho uliofanywa kwa nia ya kumkwepesha mtu matunzo yake.

Hatua ya tatu: Baraza la Usuluhishi wa Ndoa

Hapa usiruke. Maombi ya talaka hayapokelewi mahakamani mpaka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kila kata inatakiwa kuwa na baraza lake, na jumuiya za dini nazo zina mabaraza yanayotambuliwa. Kwa Waislamu wengi wa Tanga ni baraza la BAKWATA, na kwa Wakristo ni la kanisa.

Baraza halina mamlaka ya kugawa mali wala kutoa talaka ya kisheria. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa linatoa hati katika fomu iliyowekwa na kanuni, ambayo watu wa mahakamani huiita Fomu Namba 3. Iangalie vizuri kabla hujaondoka nayo: ina majina yenu wote wawili, imesainiwa, na inasema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Barua ya kawaida iliyoandikwa "nawaleta hawa kwenu wamenishinda" inaweza kukuangusha huko mbele. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mwenendo wa shauri zima, talaka na mgawanyo pamoja, kwa sababu hati halali ya baraza haikuwepo. Fikiria uchungu wa kurudi mwanzo baada ya hatua zote hizo.

Hati hiyo ina umri. Shauri lifunguliwe ndani ya miezi 6 tangu itolewe. Ukikaa nayo ikapitwa, unarudi barazani.

Zipo hali ambazo sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila kupitia baraza: mwenza ametoroka na hajulikani aliko, anaishi nje ya nchi na hana dalili ya kurudi katika miezi 6, ameitwa barazani akakataa kwa makusudi kufika, amefungwa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 5, ana ugonjwa wa akili usiopona, au mahakama yenyewe inaona kuna sababu za kipekee. Na ndoa ambayo haijatimiza miaka 2, omba kwanza ruhusa ya mahakama.

Sasa yule aliyekwisha kuandikiwa talaka nyumbani afanye nini? Apite njia hiyo hiyo. Kwa ndoa ya Kiislamu sheria inasema kwamba baraza likithibitisha kushindwa, na baada ya hapo mmoja wenu akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inatoa talaka. Zingatia mpangilio huo: baraza kwanza, talaka baadaye. Kama talaka ilitangulia, lieleze baraza ukweli ulivyo na uwaachie waandike walichokikuta. Usiifiche karatasi.

Kuna maneno yanayowatisha sana akina mama wa pwani, kwamba mwanamke akidai khului amepoteza kila kitu. Khului inahusu mahari au kile mlichokubaliana kirudishwe ili ndoa ivunjike. Haifuti jasho lako lililo kwenye nyumba. Ila ukisaini karatasi inayosema "sidai chochote na sitadai", umempa mwenzako silaha. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, hata kama walioileta ni wazee unaowaheshimu, waambie kwa adabu kwamba utamwonyesha kwanza mtu wa sheria.

Hatua ya nne: fungua shauri na uombe kila unachotaka

Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Watu wengi huanza Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu, gharama ni ndogo na shughuli yote inaendeshwa kwa Kiswahili. Nami nakushauri hivyo hivyo kama mali zenu ni za kawaida. Mali zikiwa nyingi, zenye hati na madeni ya benki, tafuta wakili na mfikirie Mahakama ya Wilaya.

Katika maombi yako taja mambo haya, kila moja peke yake: talaka, mgawanyo wa mali, matunzo yako, matunzo ya watoto, na watoto wakae na nani. Mtu akiomba talaka tu, hupewa talaka tu. Orodhesha mali moja moja, mtaa na kata. "Nyumba moja ya vyumba sita iliyopo Makorora, iliyojengwa mwaka fulani" inamsaidia hakimu. "Mali zote tulizochuma" haimsaidii mtu.

Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao wapo katika wilaya zetu. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kina ofisi Tanga. Maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri nao husaidia, hasa panapokuwa na watoto. Huduma ya msaada wa kisheria ni bure, na mwanamume asiye na uwezo anastahili kusikilizwa vilevile.

Hatua ya tano: thibitisha mchango wako

Hapa ndipo shauri linapopatikana au linapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hakimu ana maswali ya kujijibu. Mali hii ilipatikana wakati wa ndoa? Ilipatikana kwa juhudi za pamoja? Kila mmoja alichangia kiasi gani, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi? Kuna madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote? Watoto wadogo wana mahitaji gani? Mila za jamii yenu zinasemaje? Baada ya kuyapima hayo, sheria inamtaka aelekee kwenye usawa. Ndiyo maana hukumu moja inaweza kutoka nusu kwa nusu na nyingine ikampa mmoja sehemu kubwa kuliko mwenzake.

Neno "kazi" limebeba mengi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri ambalo mawakili wote wanalijua kwa jina la Bi Hawa Mohamed, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Kupika, kufua, kulea na kumuuguza mkwe ni mambo yaliyompa mwenzako nafasi ya kwenda bandarini au kiwandani akarudi na mshahara. Lakini soma shauri hilo mpaka mwisho. Mke yule hakuondoka na nyumba, kwa sababu mahakama ilikuta alikwisha kupewa fedha za kuendesha biashara kwa faida ya familia na akazitapanya. Kuutambua mchango ni hatua ya kwanza, kisha yanapimwa yaliyotendeka.

Hapa hapa Tanga, mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ilirudia kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Anayedai ndiye anayethibitisha. Kusimama kizimbani na kusema "tulichuma wote" hakutoshi.

Basi ueleze vipi? Nachukua mfano wa kutunga unaofanana na maisha ya wengi. Mume ni mvuvi anayepaki chombo chake pale Deep Sea. Mke anakaanga samaki na kuuza jioni mtaani. Walijenga nyumba ya vyumba sita Mwanzange, vinne wamepangisha. Hati ina jina la mume. Mke akiulizwa alichangia nini, asiseme "nilikuwa namsaidia mume wangu". Aseme hivi: nilianza kukaanga samaki mwaka fulani, faida niliiweka kwenye kikoba fulani, mwaka uliofuata nilikopa milioni moja na nusu, nikanunua mabati na mbao kwenye duka fulani, mkopo niliurejesha mwenyewe kila wiki, fundi akiwa kazini nilikuwa nasomba maji na kuwapikia mafundi, wapangaji nilikuwa nawapokea na kuwadai kodi mimi, kwa kuwa mume analala baharini. Halafu alete watu: katibu wa kikoba na daftari lake, fundi mwashi, mpangaji mmoja wa zamani, jirani. Shahidi aliyeona kwa macho anafaa kuliko ndugu watatu waliosimuliwa.

Mume naye afanye vivyo hivyo. Kama injini ya boti ilinunuliwa kwa fedha ya urithi wa baba yake, alete ushahidi wa urithi huo. Kama alikuwa akitoa fedha ya matumizi kila alipotoka baharini, aseme na athibitishe. Haki yake haipungui kwa kuwa ni mwanamume, na nimeona wanaume wanaonyamaza kwa aibu kisha wanalalamika hukumu ikishatoka.

Kwa watu wa mashamba, kumbuka palizi. Mchungwa wa Muheza au mnazi wa Pangani unachukua miaka kabla ya kulipa, na katika miaka hiyo yupo aliyekuwa akilima, akipalilia na kufukuza ngedere. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtambua mwenza aliyetia nguvu zake katika kuzalisha, kutunza au kuendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake kuwa amepata maslahi katika ardhi hiyo.

Mali uliyokuja nayo kwenye ndoa, au uliyorithi, kwa kawaida inabaki yako. Ila ikiwa mwenzako aliiendeleza kwa kiasi kikubwa, au mliiendeleza pamoja, inaingia kwenye hesabu. Mfano wake ni kibanda cha udongo alichokikuta mke wakati anaolewa, kikavunjwa na kujengwa nyumba ya tofali. Kupaka chokaa na kubadilisha pazia hakufikii hapo.

Tatizo linalotusumbua sana mkoa huu ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha wakwe. Ndoa ikivunjika, baba mkwe anakuja na kusema kiwanja ni cha ukoo. Dawa yake inaanza mapema: siku mnayopewa kiwanja, iandikwe karatasi ya kukabidhiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wa ukoo. Kama umechelewa, tafuta wazee waliokuwepo siku hiyo, na stakabadhi za ujenzi zenye jina lako. Usitegemee hakimu achukue kiwanja cha mtu ambaye hayumo kwenye shauri.

Wake wakiwa wawili, hadhi yao mbele ya sheria ni sawa, na kila mmoja anaeleza mchango wake kwa mali iliyopatikana katika wakati wake. Nyumba iliyokwisha kabla mke wa pili hajaja haiwezi kuhesabiwa kama jasho lake, na duka lililofunguliwa na mke mdogo halipaswi kumezwa na talaka ya mke mkubwa. Andika tarehe.

Na mlioishi pamoja bila kufunga ndoa? Mkikaa miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kuwa ni mke na mume, sheria inachukulia kwamba mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyingine ambazo mahakama inaweza kutoa.

Ukishajua fungu lako, fikiria namna ya kulipata. Nyumba yaweza kuuzwa mkagawana fedha, au mmoja akabaki nayo na kumlipa mwenzake thamani ya fungu lake, au mmoja akachukua nyumba na mwingine shamba na chombo. Kwa mfano, nyumba ikithaminiwa milioni 48 na deni la pamoja likawa milioni 3, zinabaki milioni 45. Mke akipewa asilimia 40, fungu lake ni milioni 18, na mume anaweza kupewa muda wa kulipa. Mthamini anayetambuliwa ndiye akadirie bei, shemeji asikadirie. Kugawana vyumba, wewe vitatu na mimi vitatu, choo na uwani pamoja, mimi sikushauri kabisa. Watu walioshindwa kuishi pamoja hawafai kugombania kamba ya kuanikia nguo kwa miaka iliyobaki.

Mkipatana wenyewe ni bora zaidi. Makubaliano yaandikwe, yasomwe mbele ya hakimu na yaingizwe kwenye amri ya mahakama, ili kesho mmoja akigeuka pawe na kitu cha kutekeleza.

Hatua ya sita: matunzo yako, mbali na ya watoto

Watu huyachanganya mambo haya mawili. Matunzo ya watoto ni haki ya watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawabana wazazi juu yake. Hayapungui kwa sababu mama ameolewa tena wala kwa sababu umepewa nyumba. Matunzo ya mwenza ni jambo jingine.

Wakati ndoa ingali hai, mume ana wajibu wa kumtunza mke. Mke mwenye uwezo ana wajibu huo kwa mume ikiwa mume ameshindwa kujitafutia kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu wa mwili au akili. Mahakama inaweza kuamuru matunzo mume anapokataa au kupuuza kutoa, anapomtelekeza mke, wakati shauri linaendelea, na wakati wa kutoa talaka au baada yake. Kwa hiyo usisubiri hukumu. Kama huna hata nauli ya kufika mahakamani, omba matunzo ya muda tangu mwanzo.

Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu, kanuni ya kawaida ni matunzo ya kipindi cha eda. Kuyapeleka mbele zaidi kunahitaji sababu maalumu ambayo mahakama itaikubali. Mwenye sababu, kama maradhi ya muda mrefu, aiseme waziwazi na alete karatasi za hospitali. Bombo watakupa maelezo ya daktari ukiomba. Mahari iliyobaki haijalipwa nayo ni deni, itaje peke yake.

Kiasi kinapimwa hasa kwa uwezo na mahitaji yenu. Hakimu anaangalia pia nani alisababisha zaidi ndoa kuvunjika, na mila za jamii yenu. Andaa karatasi moja ya mahitaji ya mwezi: kodi ya chumba, chakula, maji na umeme, dawa, nauli. Tumia bei unazonunulia kweli sokoni Mgandini. Ukizidisha mara tatu, hakimu ananunua soko lilelile. Upande wa pili weka ushahidi wa kipato cha mwenzako: hati ya mshahara kama ameajiriwa, kodi za wapangaji, mauzo ya samaki kwa msimu. Mvuvi hana mshahara, na misimu ya kusi na kaskazi haifanani, kwa hiyo omba kiwango anachoweza kukitoa hata bahari ikichafuka.

Mnaweza kukubaliana alipe fedha ya mara moja badala ya kila mwezi, lakini makubaliano ya kumaliza madai yote ya baadaye kwa fungu moja hayana nguvu mpaka mahakama iyaidhinishe. Ukiolewa au ukioa tena, matunzo yako kama mtalaka yanakoma. Hali ikibadilika, kipato kikiporomoka au kikipanda, yeyote kati yenu anaweza kurudi kuomba amri ibadilishwe. Asiyeweza kulipa aende akaombe hivyo, asinyamaze tu huku malimbikizo yanakua.

Hatua ya saba: baada ya hukumu

Omba nakala ya hukumu na ya amri mapema. Usiporidhika, una siku 45 za kukata rufaa, na siku hizo hupita upesi ukizimaliza kwa vikao vya ukoo. Karani wa mahakama iliyotoa hukumu atakuonyesha pa kuiwasilisha.

Ukiridhika na mwenzako hatekelezi, rudi mahakama ileile uombe utekelezaji wa hukumu. Mahakama inaweza kukamata na kuuza mali kupitia dalali wa mahakama. Usiende kuvunja kufuli wala kubomoa bati kwa mkono wako hata kama hukumu iko mfukoni. Utageuka kuwa mshtakiwa kwenye nyumba uliyoshinda.

Talaka isajiliwe RITA, kwa sababu utaulizwa cheti chake siku ukitaka kuoa au kuolewa tena. Na ukumbuke kwamba jina kwenye hati ya ardhi halibadiliki lenyewe kwa kuwa hakimu amesoma hukumu. Chukua nakala iliyothibitishwa, nenda nayo ofisi ya ardhi kama nyumba imesajiliwa, au serikali ya mtaa kama haijasajiliwa, uombe fungu lako liandikwe kwa jina lako. Kisha ondoa lile zuio uliloliweka katika hatua ya pili, usije ukakwama mwenyewe siku unapotaka kuuza au kukopa.